Mwanafunzi na Ajitambue: Maneno kwa Waamini na Walimu wa Kinyala

Sisi makatekista tumepewa nafasi ya kusema machache juu ya elimu ya watoto wetu. Twaomba masikio yenu kwa kitambo kidogo, na pale tutakapopungukiwa, mtujazie kwa hekima yenu.

Katika Sheria ya Musa, mwaka wa 50 ulipotimia, kila mtu alirudi katika ardhi ya jamaa yake. Mtu arudiye shambani baada ya miaka mingi haanzi kwa kulima. Kwanza hulizunguka. Hutazama mpaka ulipo, migomba ipi ingali hai, maji yatuama wapi, na kivuli kinaangukia upande gani. Akilima kabla ya kutazama, nguvu zake nyingi zitapotea bure. Basi twataka kumwalika kila mwanafunzi alizunguke shamba moja ambalo kila siku yumo ndani yake, wala mara nyingi halijui. Shamba hilo ni nafsi yake mwenyewe.

Neno letu ni hili. Mwanafunzi hashindwi tu kwa sababu hajui. Kwa kuwa nani aliyeingia shule akiwa anajua? Wengi hushindwa kwa sababu hawajui ni kitu gani wasichokijua. Na wengi wa hao wamefikishwa hapo na sisi wakubwa, kwa kuwafundisha kuuficha ujinga wao hata ukafichika machoni pao wenyewe.

Tutazame mfano ulio karibu. Mtoto wa Rungwe huanza kusema Kinyakyusa katika mikono ya mama yake. Akiingia shule ya msingi ya serikali, afundishwa kwa Kiswahili. Akifaulu na kuingia kidato cha kwanza, masomo yake karibu yote huwa kwa Kiingereza. Tangu mwaka 2016 ada imefutwa katika shule za sekondari za serikali hata kidato cha nne, na kwa hiyo mlango huo umefunguliwa kwa watoto wengi ambao wazazi wao wasingaliweza kulipa. Ni jambo la kushukuru. Lakini mtoto aliyeupita mlango huo hukuta lugha nyingine ndani ya nyumba. Mwalimu aeleza habari za mizizi ya mimea na jinsi inavyonyonya maji. Mtoto huyu ameng'oa na kupanda migomba tangu utoto, naye aijua mizizi kuliko vitabu vingi. Lakini neno la Kiingereza limempita, na la pili, na la tatu, na kengele ikalia. Jioni ajiambia, "Mimi sina akili ya sayansi."

Ndugu wapendwa, neno hilo si kweli. Ambacho mtoto huyo hana ni maneno kumi au ishirini ya Kiingereza. Akili anayo, na habari ya mizizi anayo. Kama angalijua kutenga mambo mawili, akasema, "Somo naliweza, lugha ya somo ndiyo inayonishinda," angalijua pa kuanzia kesho asubuhi. Angaliandika yale maneno kumi katika daftari, akamwuliza mwenzake au mwalimu. Lakini kwa kuwa hakujua kutenga, amejihukumu nafsi yake nzima kwa kosa la maneno kumi. Wako watoto walioacha shule kwa hukumu ya namna hiyo, na hakuna mahakimu waliowahukumu ila wao wenyewe.

Na katika hesabu ni vivyo hivyo. Mtoto asema, "Sehemu zinanishinda." Ukikaa naye waona kwamba hazimshindi sehemu, kinachomshinda ni kugawanya, alikokuacha nyuma miaka miwili iliyopita siku zile alipokuwa mgonjwa. Mkulima hodari hasemi, "Shamba langu ni baya." Husema, "Hapa chini maji yanatuama, na mgomba huu umeliwa na wadudu shinani." Aliyesema "shamba ni baya" huketi na kulia. Aliyesema "maji yanatuama hapa" huchukua jembe na kuchimba mfereji.

Wataalamu wa siku zetu wamelipa jambo hili jina. Mwaka 1983, mtaalamu mmoja wa Marekani, Howard Gardner, alitoa kitabu akifundisha kwamba akili ya mwanadamu si ya namna moja tu. Alitaja saba: ya lugha, ya hesabu, ya muziki, ya mwili, ya kupima nafasi na maumbo, ya kuwafahamu watu wengine, na ya mtu kujifahamu mwenyewe ndani ya moyo wake. Wako wataalamu wasiokubaliana naye, nao wasema kwamba hizo ni vipaji na tabia, wala si akili saba mbalimbali. Ugomvi huo tuwaachie wao. Sisi yatutosha kushika kwamba kujifahamu ni jambo ambalo mtu aweza kulikuza, kama akuzavyo sauti ya kuimba au mkono wa kuandika.

Lakini tujihadhari tusikose njia. Kujifahamu si kujibandika jina. Siku hizi twasikia vijana wakisema, "Mimi ni mtu wa kusikia, kusoma siwezi," au, "Mimi ni mtu wa kuona tu, maelezo hayaniingii." Mwaka 2008 wataalamu wanne wa Marekani walikusanya uchunguzi uliofanywa juu ya fundisho hilo la kuwagawa wanafunzi kwa namna zao za kujifunza, nao hawakuona ushahidi wa kutosha wa kulisimamisha. Basi kijana asifanye jina kuwa ukuta. Asemaye "Mimi siwezi kusoma" hajajijua bado. Ajijuaye husema, "Nikisoma usiku baada ya kuchota maji na kukamua ng'ombe, nasinzia ukurasa wa pili, nikisoma alfajiri, nafika wa kumi." Huyo ametazama, amepima, na ameona njia ya kutokea.

Je, ni vigumu hivyo mtu kujijua? Ni vigumu sana. Mtazameni Mtakatifu Petro. Usiku ule wa karamu ya mwisho aliahidi kwa nguvu kwamba hatamkana Bwana wake kamwe. Hakuwa mwongo, aliyasema yaliyokuwa moyoni mwake. Ila hakuujua moyo wake, na kabla ya jogoo kuwika alikuwa amekwisha kumkana mara tatu. Mwenye kumjua Petro usiku ule alikuwa Bwana, wala si Petro.

Mambo kama hayo yameonekana hata katika darasa. Mwaka 1999 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, David Dunning na Justin Kruger, waliwapa wanafunzi majaribio ya kufikiri na ya sarufi, kisha wakawauliza kila mmoja ajikadirie. Wale waliokuwa katika robo ya mwisho, ambao kwa wastani waliwapita wenzao 12 tu katika kila 100, walijidhania kuwa wamewapita 62. Twacheka, lakini tusicheke sana, maana sababu yake ni ya huruma. Ujuzi uleule unaohitajiwa ili kujibu swali vizuri ndio unaohitajiwa ili kutambua kwamba umejibu vibaya. Asiyeujua wimbo hasikii kwamba ameuimba kombo. Nao wataalamu wale waliendelea, wakawafundisha baadhi ya hao wa nyuma kanuni kidogo za kufikiri. Ndipo wakaanza kujikadiria kwa haki zaidi. Waona basi, fimbo haikuwafumbua macho, wala kudhihakiwa hakukuwafumbua. Kilichowafumbua ni kufundishwa.

Lingine lilionekana mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha Washington kilicho St. Louis, kwa Henry Roediger na Jeffrey Karpicke. Wanafunzi walipewa habari fupi wajifunze. Wengine waliisoma na kuirudia kuisoma. Wengine waliisoma kwanza, kisha kila mara wakaificha na kujaribu kuandika yote wanayoyakumbuka. Dakika tano baadaye, walioirudia kusoma walikumbuka zaidi, nao walitumaini kwamba watakumbuka vizuri hata baadaye. Lakini baada ya juma moja, hao walikumbuka kama sehemu 40 katika 100, na wale waliojijaribu walikumbuka kama 61. Kusoma tena na tena kuliwapa raha ya kudhani kwamba wanajua. Kufunga kitabu kuliwapa taabu, na katika taabu ile walijua walichokosa.

Sisi makatekista twalijua jambo hili hata kabla ya kusikia habari za vyuo hivyo. Katika mafundisho hutokea mtoto akaririye majibu yote ya katekisimu kwa sauti tamu, bila kukosa neno. Ukiligeuza swali kidogo, ukamwuliza, "Na kama jirani yako amekuibia jembe, jibu hilo lakuambia ufanye nini?" akaa kimya. Hutokea mwingine ambaye ulimi wake ni mzito, naye akosa maneno mawili au matatu, lakini akueleza kwamba yampasa kusamehe, na jembe alidai kwa haki pasipo kumchukia aliyeiba. Nani kati ya hao wawili amejifunza? Na mbaya zaidi ni kwamba yule wa kwanza ajiona amemaliza, kwa kuwa sisi tumemsifu. Sifa zetu zimemziba macho.

Sasa twaweza kuulizwa: Je, wazee wetu walijua habari hii ya kujitambua, au ni mambo ya kuletwa na vitabu? Twaamini walijua, ila walifuata njia yao. Katika nchi hii ya Wanyakyusa, zamani wavulana walijenga vijiji vyao wenyewe kwa rika. Mtoto wa miaka sita au zaidi alichunga ng'ombe wa baba yake pamoja na wenziwe. Alipofika miaka kumi au kumi na mmoja, aliacha kulala nyumbani kwa baba, akajenga na marafiki zake vibanda kando ya kijiji. Walilimia baba zao, nao walikwenda kula kwa mama zao kwa makundi, leo kwa mama wa huyu na kesho kwa mama wa yule. Godfrey Wilson na mkewe Monica, walioishi Rungwe kati ya miaka 1934 na 1938 wakichunguza desturi zetu, waliona jinsi wazee walivyolithamini neno "ukwangala", yaani kufurahia kukaa pamoja na watu wema. Na jinsi walivyosema kwamba "amahala", yaani hekima na busara, mtu huipata katika kukaa huko na kuzungumza na wenzake. Monica Wilson aliyaandika hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 1951. Vijiji hivyo vya rika vimekwisha kutoweka, lakini maneno hayo mawili wazee wetu wangali wakiyajua.

Huenda mtu akadhani kwamba kukaa pamoja ni kinyume cha kujitambua, kwa sababu ajitambuaye huketi peke yake. Sivyo. Jicho huona vyote ila lenyewe. Ili lijione lahitaji kioo, na kioo cha mwanadamu ni mwenziwe. Kijana aliyekaa na rika lake alijua upesi kama ni mwepesi wa hasira, kama hoja zake zina uzito, kama ajua kusema na ajua kunyamaza. Wenziwe walimwambia. Naye aliweza kulisikia neno lao kwa sababu walikula pamoja naye jana, na kesho wangekula tena.

Hapo ndipo twafikia jambo lenye uzito kuliko yote katika maneno yetu ya leo. Mtu hakubali kujitazama mahali anapoogopa. Darasani, mtoto akiinua mkono akasema, "Mwalimu, hapa sijaelewa," kisha wenziwe wakamcheka au akaitwa mjinga, hatainua tena mkono ule. Mwaka wa kwanza atajua kwamba hajaelewa, naye atanyamaza. Mwaka wa pili atazoea kunyamaza. Mwaka wa tatu hatajua tena kama ameelewa au hakuelewa, kwa maana amekwisha kuacha kujiuliza. Hivyo hofu yafanya kazi ya usiku. Haimpigi mtoto tu, humzimia taa.

Mtakatifu Augustino, mwana wa Afrika, aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, katika nchi iitwayo leo Algeria, ametuachia ushuhuda wa jambo hili katika kitabu cha Maungamo. Alipokuwa amepita miaka arobaini, na mwenye kuwa askofu, aliurudia utoto wake na kujiuliza kwa nini alikichukia Kigiriki na kukipenda Kilatini. Akaona kwamba Kilatini alikipata kwa walezi wake, katika michezo na mabembelezo, pasipo kutishwa. Kigiriki alisukumizwa kwa vitisho na adhabu. Akaeleza pia jinsi alivyomwomba Mungu, angali mtoto, asipigwe shuleni, na jinsi wakubwa walivyoyacheka mapigo yake. Akakata shauri kwamba shauku huru ya kujua hufundisha lugha vizuri kuliko kulazimishwa kwa hofu. Hata hivyo hakusema kwamba mtoto aachwe bila maonyo. Alikiri kwamba nidhamu ina kazi yake, na kwamba yeye mwenyewe hakusoma ila kwa kushurutishwa. Twaomba walimu wayashike yote mawili. Mtoto aelekezwe, na mtoto asitishwe hata akashindwa kusema ukweli juu ya nafsi yake.

Tena yuko Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Huyu alikuwa askari, na baada ya kumgeukia Mungu alitaka kuwasaidia watu, akaona hana elimu. Basi akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na zaidi, huko Barcelona, aliketi kujifunza Kilatini tangu mwanzo. Kila alipotaka kuyashika maneno ya sarufi, mawazo mazuri ya kiroho yalimjaa moyoni, na sarufi ikamkimbia. Mtu mwingine angalifurahi, akasema kwamba amejaliwa kuwa mtakatifu. Yeye alijichunguza. Akaona kwamba mawazo yale hayakumjia kwa wingi namna ile hata akiwa katika sala na Misa. Yalimjia penye sarufi tu. Akatambua kuwa ni kishawishi kilichovaa kanzu nzuri. Ndipo akamwendea mwalimu wake, akamweleza yote waziwazi, akaahidi kumsikiliza kwa muda wa miaka miwili bila kukosa, maadamu apate mkate na maji mjini humo. Tazameni hatua zake: alitazama, akapima, akamwambia mwalimu, akaweka ahadi. Na twaona kwamba alikuwa na mwalimu ambaye aliweza kumwambia. Je, watoto wetu wanaye?

Basi tufanye nini? Tutaje mambo machache ambayo hayahitaji fedha.

Kwa mwanafunzi twasema: kila jioni, kabla ya sala ya usiku, ambapo Mkristo huchunguza dhamiri yake, chunguza pia masomo yako. Funga kitabu. Jiulize kwanza: Leo nimejifunza nini? Uyaseme kwa maneno yako mwenyewe, au uyaandike. Jiulize pili: Nilikwama wapi? Usiseme "katika hesabu". Sema ni hesabu ipi, na ni hatua ya ngapi. Jiulize tatu: Kilichonikwamisha ni nini? Je, ni neno nisilolijua, au somo la nyuma lililonipita, au usingizi, au njaa, au rafiki aliyenipigia soga, au uvivu? Na uvivu ukiwa ndio, uutaje kwa jina lake. Jiulize nne: Kesho nitamwuliza nani? Swali hilo la nne usilale kabla ya kulijibu.

Kwa wazazi twasema: msidhani kwamba asiyejua kusoma hawezi kumsaidia mtoto wake. Mama akiwa jikoni na amwambie mwanawe, "Nieleze kwa Kinyakyusa mliyofundishwa leo." Mtoto akiweza kumweleza mama au bibi yake hata akaelewa, somo hilo analo kweli. Akibabaika na kusema, "Ni mambo ya Kiingereza, huwezi kuyajua," basi huenda hayajui yeye. Mama amemtahini bila kalamu. Tena tuache kuwabandika watoto majina. Tusiseme mbele ya wageni, "Huyu ndiye mwenye akili, na huyu ni mzito." Mtoto huamini, kwa sababu humwamini mzazi kuliko mtu mwingine yeyote. Aliyeitwa mzito huacha kujitazama, kwa kuwa amekwisha ambiwa atakachoona. Na aliyeitwa mwenye akili naye huacha kujitazama, kwa sababu iyo hiyo.

Kwa walimu, ambao kazi yao twaijua na twaiheshimu, twasema kwa unyenyekevu. Twajua madarasa ni makubwa na siku ni fupi. Hata hivyo dakika tano za mwisho zaweza kutosha: watoto wafunge vitabu, kila mmoja aandike jambo moja alilolielewa na moja lililomshinda. Mwalimu akiyasoma machache tu kati ya hayo, atajua kesho aanzie wapi. Na siku mtoto atakaposema, "Sijaelewa," mwalimu na ashukuru mbele ya wote. Watoto wakiona kwamba aliyesema ukweli ameshukuriwa, wengine watasema. Mwalimu Julius Nyerere, aliyefundisha katika shule za misheni za Tabora na Pugu kabla ya kuiongoza nchi, katika andiko lake la mwaka 1967 juu ya elimu ya kujitegemea alitaka shule zimpe mtoto akili ya kuuliza, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuchagua lifaalo, na hali ya kujiamini kama mtu huru aliye sawa na wenzake. Mtoto aogopaye kusema "sijui" hana hata kimoja katika hivyo vitatu.

Lakini tusizidishe. Kujitambua hakujazi tumbo la mtoto aliyekuja shule bila kula, wala hakuleti vitabu mahali visipokuwapo. Na yako mambo ambayo mtoto hawezi kuyajua mwenyewe hata ajichunguze namna gani. Aliyezaliwa na macho mafifu hajui kwamba wenziwe huona ubao kuliko yeye. Adhani ubao ni ukungu kwa wote. Asiyesikia vizuri adhani mwalimu hunong'ona. Hapo sisi wakubwa ndio tupaswao kutazama. Mtoto akikaza macho, au akijibu jambo asiloulizwa, asogezwe mbele, kisha apelekwe hospitali akapimwe. Asihukumiwe kuwa mkaidi. Kumfahamu mtoto ni kazi ya jumuiya, kama vile zamani mtoto alivyokula kwa mama wa kila rafiki yake.

Vijana wetu wapenzi, neno la mwisho ni lenu. Katika mfano wa talanta, yule bwana aligawa kwa kila mtumishi kadiri ya uwezo wake. Aliyepewa mbili hakuulizwa habari za tano. Alisifiwa kwa maneno yaleyale aliyosifiwa mwenziwe. Aliyehukumiwa ni yule aliyeogopa, akafukia chini kile alichopewa, na hakukitazama tena. Basi msifukie. Mkikuta ndani yenu talanta moja, ifanyieni kazi. Mkikuta ujinga, msiufunike kwa udongo. Uleteni mwangani, kwa rafiki mwaminifu, kwa mwalimu, kwa mzazi, na kwa Mungu ambaye tangu hapo aujua, naye hakuwacheka.

Na sisi wazazi, walimu na makatekista, katika mwaka huu wa Jubilei tufanye ahadi moja: kwamba katika Kinyala mtoto yeyote aweze kusema "hapa sijaelewa" nyumbani, shuleni na katika mafundisho, naye ajibiwe kwa neno la upole, "Vema, tuanzie hapo."

Mungu awabariki. Tumsifu Yesu Kristo.